Papa Shilingi na Bata wa Mwitu

Hapa Dutumi papa hutufikia akiwa mkavu, amekwisha tiwa chumvi. Bata wa mwitu twamwona hai, akishuka mabondeni mvua zikinyesha. Kwa hiyo wenzangu wengi bwenini hudhani kwamba ndege anayepigwa kwa manati atakwisha kabla ya samaki mkubwa anayeogopwa. Nimeona yafaa nieleze jinsi mambo yalivyo.

Wote wawili ni wanyama wenye uti wa mgongo. Zaidi ya hapo hutengana. Bata yumo katika ngeli ya ndege: ana mifupa, mapafu na manyoya, na damu yake ni ya moto. Papa ni samaki, lakini hana hata mfupa mmoja. Kiunzi chake chote ni gegedu, kama ile iliyomo masikioni mwetu. (Ndiyo maana mlaji wa papa hasumbuliwi na miiba.)

Nachukua mfano wa papa shilingi, aonekanaye Mafia karibu na Kilindoni, hasa tangu Oktoba hata Machi. Jina lake latokana na madoa meupe ya mgongoni, mfano wa fedha. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, aweza kupita meta 12, walakini hula vijidudu vya baharini na visamaki, wala hamwindi mtu.

Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Maumbile lilimwandika miongoni mwa viumbe walio hatarini, kwa kuwa idadi yake imepungua zaidi ya nusu katika muda wa vizazi vitatu. Hunaswa katika nyavu, na meli humgonga anapoelea juu juu. Bata yule mwenye uso mweupe, apigaye mluzi, yumo katika daraja la wasio na hofu kubwa. Yuko Afrika na hata Amerika ya Kusini.

Msomaji atauliza: je, papa huzaa wachache? La. Mwaka 1995 huko Taiwan alivuliwa jike mwenye wana 300 hivi tumboni. Tofauti ni miaka. Bata huangua kwa siku zisizopata 30, na vifaranga hukua upesi. Papa shilingi huchukua miaka mingi mno kabla ya kuweza kuzaa, na wengi hunaswa kabla ya kufika umri huo.

Lakini si kila bata yu salama. Bata mmoja wa Bukini alidhaniwa amekwisha kabisa, hata walipoonekana wachache mwaka 2006 katika ziwa dogo la kaskazini.