Tumsifu Mungu kwa Upendo, Si kwa Biashara

Mwezi huu tumeona tuzungumze habari ya kumsifu Mungu. Mtu atasema, kwani hilo nalo linahitaji kufundishwa? Kambi nzima ni kwaya! Jumapili ukisimama njia panda unasikia ngoma kutoka kila upande, huku Wapentekoste, kule Waanglikana, na ng'ambo ya korongo Wakatoliki wanaitikia. Kuimba tunajua. Tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 hatuna hata sufuria, lakini nyimbo tulikuwa nazo. Swali letu ni jingine: tunaimba kwa sababu gani?

Tuseme ukweli. Kuna kuimba kwa kumpenda Mungu, na kuna kuimba kwa kumlipa ili atupe kitu. Huku kambini hiyo ya pili imeota mizizi. Tumesikia mahubiri ya namna hii: sifu siku 21, funga, leta sadaka, na jina lako litatoka ubaoni, utaenda Ulaya ama Marekani. Watu walisifu. Walipiga magoti mpaka yakachubuka. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokwisha kufanya mahojiano yote na kupimwa afya, zilizokwisha kugawia majirani ndoo na masufuria, zikaambiwa hakuna safari.

Baada ya hapo kuna viti vilivyobaki wazi makanisani. Baba mmoja alituambia kwa sauti ya chini, "Nilimsifu, hakunipa. Sasa nimsifu tena kwa nini?" Hatumcheki baba huyo wala hatumhukumu. Uchungu wake ni wa kweli. Ila tunasema hivi: aliyemwahidi ndege ni mtu, si Mungu. Hakuna andiko linalouza tiketi. Na yule aliyepokea sadaka za watu wenye njaa kwa ahadi ya namna hiyo, yeye ndiye mwenye deni.

Sasa tufungue Luka 17, kuanzia mstari wa 11. Wakoma kumi walikuwa wamesimama mbali, maana sheria iliwakataza kukaa pamoja na watu. Sisi tunaoishi mahali ambapo mtu hatoki bila kibali tunaielewa hali hiyo upesi. Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini makuhani? Kwa sababu, kadiri ya Walawi 14, kuhani ndiye aliyechunguza na kutangaza kwamba mtu amekuwa safi, anaweza kurudi kwao. Tuseme kuhani ndiye aliyekuwa na muhuri. Wakiwa njiani, wakapona. Tisa wakaendelea na safari, na hapo mara nyingi tunawaonea, eti walikuwa watu wabaya. Hapana, walifanya walivyoagizwa. Nani kati yetu angechelewa kufuata muhuri?

Mmoja aligeuka. Alirudi kwa sauti kubwa, akaanguka miguuni pa Yesu. Luka anatuambia huyo alikuwa Msamaria, yaani mgeni, mtu asiyehesabiwa. Kupona alikuwa amekwisha kupona. Hakurudi ili apewe kitu kingine. Alirudi kwa sababu alitaka kumwona usoni yule aliyemtendea. Hapo ndipo tunapoona upendo. Tisa walikuwa na haja ya uponyaji, naye alikuwa na haja ya uponyaji pia, lakini baada ya kupona akawa na haja ya Mponyaji.

Hata lugha zetu zinajua jambo hili. Neno asante (ama aksanti, kama tunavyolitamka sisi wa ng'ambo) limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni "umetenda vyema". Ndugu zetu Warundi wakishukuru husema urakoze, nalo limetokana na neno lao la kufanya kazi: "umefanya". Kwa hiyo anayeshukuru anamtazama mtu na kulitaja tendo lake. Hesabu ya atakayopewa kesho haimo ndani ya neno hilo.

Hapa mama mmoja wa kwaya alituuliza swali zito. Mwaka 2023, mgao wa chakula ulipopunguzwa kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua, mchungaji wao aliwaambia mshukuruni Mungu kwa yote. Mama akauliza: "Je, nikisema asante nimekubali kwamba ni sawa watoto wangu kulala na njaa?"

Jibu letu ni hapana, mama. Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike alifundisha kushukuru katika kila hali. Kushukuru ukiwa ndani ya shida si sawa na kuishukuru shida yenyewe. Vita si zawadi ya Mungu. Njaa ya mtoto si zawadi. Tunamshukuru kwa alichotenda, na mabaya tunampelekea kwa kilio, tena kwa sauti. Fungueni Zaburi mtazame: nyingi ni za machozi na malalamiko, na bado zimo katika kitabu kile kile cha sifa. Mtu hulalamika mbele ya anayempenda. Kwa asiyempenda hunyamaza tu.

Zaburi ya 137 ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Waliopelekwa Babeli waliketi kando ya mito wakilia, vinubi wamevitundika mitini, na waliowateka wakawadai nyimbo za furaha. Wakakataa. Wimbo wa Bwana hawakuutoa kuwa mchezo wa kuwafurahisha watu. (Viongozi wa kwaya watuvumilie: si kila mgeni mwenye kamera ni lazima aimbiwe, na watoto wasitolewe shuleni kwa ajili hiyo.) Lakini angalieni ajabu yake, kule kukataa kwenyewe kukawa zaburi. Machozi yao nayo Mungu aliyapokea.

Kuna wimbo mmoja wa shukrani unaoimbwa na makanisa mengi duniani, ambao wengi hufikiri uliandikwa na mtu aliyeshiba. Mtungaji wake ni mchungaji Martin Rinkart wa Ujerumani. Alihudumu katika mji wa Eilenburg wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza 1618 vikaisha 1648. Mji ule ulikuwa na kuta, basi watu wa vijijini wakaukimbilia, ukajaa wakimbizi kupita kiasi. Njaa ikaingia. Mwaka 1637 ikaingia tauni. Rinkart alizika watu zaidi ya 4,000, na mke wake alikuwa mmoja wa waliokufa mwaka huo. Sisi tuliozika watoto njiani tunajua kuzika hata watatu kunavyomwacha mtu. Kinachotugusa ni kwamba wimbo wake huo mwanzo ulikuwa sala fupi ya mezani, ya kuimbwa na familia wakati wa chakula. Na mezani wakati ule hapakuwa na kitu kingi.

Mtu asituelewe vibaya: hatusemi kila aliyefiwa aimbe kesho asubuhi. Kuna msiba ambao unamfunga mtu mdomo miezi. Huyo wengine tumwimbie, yeye akae tu katikati yetu. Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anaeleza kwamba upendo ulianza upande wa Mungu, kabla sisi hatujafungua kinywa. Mwenye kunyamaza kwa majonzi anapendwa kama mwenye kupiga ngoma.

Basi tunapendekeza jambo dogo kwa kila nyumba, halina gharama. Jioni, bugali na lengalenga zikiwa tayari, kabla ya kunawa kila mtu ataje tendo moja la siku ile. Litajwe tendo lenyewe, siyo "asante kwa yote". Bomba lilitoa maji kabla ya jua kuwa kali. Jirani katuazima chumvi. Homa ya mdogo wetu imeshuka. Bibi leo kacheka. Siku ambayo mtu hana la kutaja aseme "leo sina", wala asigombezwe. Mwingine atataja kwa niaba yake. Wala pasiwe na kuomba kitu hapo. Maombi ya haja tuyaweke wakati wa kulala.

Na waanze watoto wadogo. Wakianza baba na mama, sala inakuwa ndefu na bugali unapoa.