Dawa ya ganzi yaweza kuua mtoto wa mbuzi

Mfugaji wa mbuzi wa maziwa anapopoteza mtoto wa mbuzi siku ya kuchoma vichipukizi vya pembe, lawama hubebeshwa chuma cha moto. Pengine muuaji ni dawa ya ganzi.

Inayotumika zaidi ni lignokeini ya asilimia 2, yaani kila mililita ina miligramu 20. Kwa usalama, mbuzi hupewa isiyozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 4 basi anastahili mililita 1 tu, kwa pembe zote mbili. Tena kila pembe ya mbuzi ina mishipa miwili ya fahamu, kwa hiyo kiasi hicho hugawanywa sehemu nne, na wataalamu huizimua kwa maji ya sindano ili itoshe. Aliyezoea ndama huvuta mililita 5 kila upande. Hapo mtoto huyo amepewa mara kumi ya kipimo chake: atatetemeka, atashikwa na degedege, kisha pumzi itakatika.

Ganzi ya kupaka au kupuliza nayo si maji. Kwenye kidonda kibichi huingia katika damu haraka kuliko kwenye ngozi nzima, hivyo ihesabiwe pamoja na ya sindano. Penye usaha haishiki vizuri, na hapo ndipo watu huongeza kipimo. Mbuzi mwenye minyoo ya ini ni hatari zaidi, maana ini ndilo linalovunja lignokeini.

Kuna ganzi nyingine ambayo wafugaji wengi huinunua bila kujua. Penisilini ile nyeupe kama maziwa huchanganywa na prokeini ili iachiliwe polepole mwilini. Prokeini ikivunjika hutoa kitu kinachodhoofisha dawa za salfa, zile wanazopewa watoto wa mbuzi wanaohara damu. Mfugaji hulipia dawa mbili, moja ikaharibu kazi ya nyingine.

Josho nalo lina lake. Dawa za kupe za kundi la oganofosfeti, kama dayazinoni, huzuia kimeng'enya cha damu kinachovunja prokeini, nayo ikakaa mwilini muda mrefu. Chupa ya josho isitupwe. Bwana mifugo atataka kusoma kiambato chake na kujua mbuzi waliogeshwa lini.