Ubao ulionyooka, ukuta uliopinda

Waliojenga msonge wa Kisukuma hawakuumizwa kichwa na pale ukuta unapokutana na sakafu. Walikandika udongo, na mkono ukafuata mzunguko. Siku hizi, Shinyanga, Kahama hata Geita, utakuta sebule ya matofali yenye kona ya mviringo, nayo ni fahari ya mwenye nyumba. Lakini ubao wa skating, ule unaozunguka chini ya ukuta, hutoka kwa seremala umenyooka kama rula. Hapo ndipo ugomvi na fundi unapoanza.

Fundi asiye na subira huukata vipande vifupi na kuviunga; badala ya mviringo unaona pembe tupu. Mwingine hulazimisha ubao kwa misumari, na haupiti muda msumari unang'oka na plasta yake.

Dawa ni kuuchanja mgongo wa ubao kwa msumeno, kutoka juu hadi chini, mchanjo kando ya mchanjo, bila kutokea mbele. Bakiza kama milimita 3. Uchague usio na mafundo, maana huvunjikia hapo hapo.

Ukuta ukiwa umetokeza chumbani, kipo kipimo kisichohitaji karatasi. Chukua ubao wa majaribio wa aina ileile, uchanje mara moja, ulaze mezani mchanjo ukiwa juu, na ubane upande mmoja. Kutoka kwenye mchanjo, pima upande wa pili urefu ulio sawa na nusu kipenyo cha mviringo wa ukuta, utie alama. Inua upande huo mpaka mchanjo ujifumbe. Kimo kutoka mezani hadi kwenye alama ndiyo nafasi ya kuacha kati ya mchanjo na mchanjo.

Ukuta uliobonyea, kama wa ndani ya msonge, haukubali hesabu hiyo. Michanjo ya mgongoni hufunguka, na uso wa ubao unaweza kupasuka. Hapo ni heri mbao mbili au tatu nyembamba, zikigandishwa kwa gundi moja juu ya nyingine.

Sasa tuje kwa mchwa. Kila mchanjo ulioachwa wazi ni uchochoro wao wa kupanda wasionekane mpaka kwenye fremu za milango. Jaza michanjo gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, na upake mgongo wote dawa ya mchwa. Wapo wanaopaka oili chafu. Hiyo hunuka, tena huchafua rangi. Kiini cha mninga huwastahimili mchwa kuliko msindano, ila bei yake mnaijua.

Mimi, kwa chumba kilichokaa juu ya ardhi, ningeweka skating ya saruji: ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga, isawazishwe kwa mwiko na kibao kifupi, kwani kirefu hakikai kwenye mviringo. Imwagiliwe maji siku 7, na maji hayo yatengwe kabla fundi hajaanza kazi.