Kamati ya Ukaguzi Pale Mmiliki Anapokuwa Mdaiwa: Kampuni ya Maji ya Mkoa wa Luapula

Nadharia ya utawala wa kampuni huieleza kamati ya ukaguzi kama jicho la wanahisa waliotawanyika dhidi ya meneja. Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, hali ni kinyume. Chini ya sheria ya maji ya mwaka 1997, halmashauri za Zambia ziliruhusiwa kuunda kampuni za maji. Ile ya Luapula, yenye makao makuu Mansa, inamilikiwa na halmashauri za mkoa huo. Mwanahisa anajulikana, lakini yeye pia ni mteja, na katika sekta hii taasisi za umma ni miongoni mwa wadaiwa sugu. Mjumbe wa kamati akiteuliwa na halmashauri, atakagua ankara ya aliyemteua. Meneja hahitaji kuficha kitu: deni limo vitabuni, kinachokosekana ni wa kuuliza litahesabiwa lini kuwa hasara. Mdhibiti, NWASCO, huidhinisha bei na kupima huduma, ila haketi katika bodi. Mkazi wa Nchelenge, mmiliki kupitia halmashauri yake, hana hisa ya kuuza wala bomba jingine la kuhamia. Ni vyema basi mwenyekiti na wajumbe walio wengi watoke nje ya taasisi zinazodaiwa, na orodha ya madeni ijadiliwe kabla bei mpya haijaombwa.