Amelala, Ametangulia, Amekwenda Mbinguni

Msibani Wakristo wetu hutumia vitenzi vitatu kumtaja marehemu. Mmoja atasema amelala, mwingine ametangulia, wa tatu amekwenda mbinguni. Wote wanafariji, wala hakuna anayemsahihisha mwenzake. Lakini vitenzi hivyo havisemi jambo moja. Aliyelala hutazamiwa kuamka. Aliyetangulia anasubiri wenzake. Aliyekwenda akafika, safari yake imekwisha. Tukitaka kuelewa Ukristo unatumaini nini juu ya wafu wake, itatubidi tupime ni kitenzi kipi kinachobeba uzito mkubwa zaidi.

Tuanzie kwenye maandishi ya kale. Waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wathesalonike, unaokadiriwa kuandikwa kama mwaka 50, ni miongoni mwa maandishi ya Kikristo ya mwanzo kabisa tuliyo nayo. Waumini wa mji ule walikuwa wakimngoja Kristo arudi, na kabla hajarudi baadhi yao wakafa. Je, hao wameyakosa marejeo hayo? Paulo angeweza kuwajibu kwamba wapendwa wao wamekwisha kufika mbinguni, na habari ikaishia hapo. Hakujibu hivyo. Aliwaambia kwamba waliolala watafufuka kwanza, ndipo walio hai wataungana nao. Faraja yake yote aliiegemeza kwenye siku ijayo. Na kitenzi alichokichagua kilikuwa kulala. Baadaye Wakristo waliosema Kigiriki waliyaita makaburi yao kwa neno lenye maana ya mahali pa kulala.

Hapa inafaa tueleze maana ya ufufuo, kwa sababu huchanganywa na mambo mawili mengine. Ufufuo si kurudishiwa uhai huu huu tulio nao. Lazaro wa Bethania alitoka kaburini, lakini alirudi katika maisha yale yale yenye kifo mbele yake. Wala ufufuo si roho kuendelea kuishi bila mwili. Katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, Paulo anatumia mfano wa mbegu. Mkulima hapandi mmea mzima. Anafukia punje, na kinachochipuka hakifanani na punje ile, ingawa kimetoka kwake. Kuna mwendelezo na kuna mabadiliko. Mwili uliozikwa ndio utakaoinuliwa, ila ukiwa katika hali ambayo kuoza hakuuwezi tena. Neno letu kiyama lina asili ya Kiarabu inayohusu kusimama, na neno la Kigiriki la Agano Jipya nalo lina maana ya kusimama tena. Kiyama tumelizoea kama neno la kutisha. Kwa asili linamzungumzia mtu anayeinuka.

Wazo la roho kuuacha mwili na kupata raha halikukosekana katika ulimwengu wa Paulo. Karne nne hivi kabla yake, mwanafalsafa wa Kigiriki Plato alikuwa amemwonyesha mwalimu wake Sokrate akikikabili kifo kwa utulivu, kwa kuwa aliamini kwamba roho yake ilikuwa inafunguliwa kutoka mwilini kama mtu atokaye kifungoni. Ndiyo maana Matendo ya Mitume, sura ya 17, inasimulia kwamba baadhi ya Waathene walidhihaki waliposikia habari za wafu kufufuka. Kwa mtu aliyeuona mwili kuwa gereza, kurudishiwa mwili hakukuwa habari njema hata kidogo. Mafarisayo wa Kiyahudi, kwa upande mwingine, waliuamini ufufuo, na Masadukayo wakaukana. Paulo alilelewa Mfarisayo.

Basi kati ya kufa na kufufuka, marehemu yuko wapi? Swali hili limewasumbua Wakristo kwa karne nyingi, na si la kupuuzwa, maana ndilo analouliza mama aliyemzika mwanawe jana. Maandiko hayalijibu kwa urefu, ila hayako kimya. Yesu alimwahidi mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye kwamba siku ile ile watakuwa wote peponi, kwa neno ililolichagua Biblia ya Union Version. Paulo naye anawaandikia Wafilipi kwamba anatamani kuondoka ili awe pamoja na Kristo. Hapo ndipo kitenzi kutangulia kinapopata msingi wake. Mwaka 1336 Papa Benedikto wa 12 alitamka rasmi kwamba roho za wenye haki waliotakaswa humwona Mungu bila kusubiri siku ya mwisho. Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti ambaye kwa mengi hakukubaliana na Roma, aliandika kuwapinga waliofundisha kwamba roho inalala. Waadventista wa Sabato wanashikilia kwamba wafu hawajui lolote hadi ufufuo. Tofauti hizi ni za kweli. Lakini zote zinahusu muda wa kungoja. Juu ya kinachongojewa, makanisa hayo yanakubaliana kwamba ni ufufuo.

Tatizo linaanza pale muda wa kungoja unapogeuzwa kuwa mwisho wa safari, na neno mbinguni limechangia sana. Injili ya Mathayo hupendelea kusema ufalme wa mbinguni pale ambapo Marko na Luka husema ufalme wa Mungu. Maana ni utawala wa Mungu unaokuja, wala si nchi ya mbali ambako watu huhamia. Ukiifungua sura ya 21 ya Ufunuo, hutaona watu wakipanda juu. Utaona mji ukishuka, na Mungu akija kukaa na wanadamu katika nchi iliyofanywa mpya. Mwelekeo wa safari umegeuka.

Mkenya John Mbiti, Mkamba na padri wa Kianglikana, alilichunguza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1971 kuhusu mambo ya mwisho katika Agano Jipya na mazingira ya Kiafrika. Aliangalia jinsi Wakamba walivyoyapokea mafundisho ya wamisionari, akaona picha za mbinguni zikichukuliwa kama maelezo ya mahali halisi pa kukimbilia, huku Kristo, ambaye ndiye kiini cha tumaini, akisogezwa pembeni. Nadhani onyo lake bado ni hai. Nimehudhuria mazishi ambapo mbingu ilielezwa kwa mitaa yake na malango yake, na ufufuo haukutajwa hata mara moja.

Limebaki neno uzima. Waliolichagua kwa ajili ya uzima wa milele walichagua vema. Kwetu mtu mzima ni aliyekamilika, chombo kizima hakina ufa, na tukiulizwa hali tunajibu kwamba tu wazima. Neno uhai pekee lisingetosha, kwa sababu kuishi bila kikomo huku umevunjika si jambo la kutamani. Tena Injili ya Yohana inasema aaminiye anao uzima huo, kwa wakati uliopo, na inaueleza kuwa ni kumjua Mungu. Umilele wake unaanza kabla ya kaburi.

Sasa tunaweza kutoa hukumu. Ametangulia ni kweli. Amelala ni kweli zaidi, kwa kuwa kinaacha mlango wazi kwa asubuhi. Amekwenda mbinguni kinaweza kusemwa, mradi kisifunge habari, kwani peke yake kinauacha mwili udongoni kana kwamba Mungu hana haja nao tena. Kanuni ya imani ya mwaka 381, ambayo Wakatoliki huikiri Jumapili, haina hata neno moja kuhusu roho kwenda mbinguni. Inamalizika kwa ufufuo wa wafu na uzima wa ulimwengu ujao.