Bon ya dawa: nani anahesabiwa, na mpaka lini?

Katika mikutano yetu ulizo moja linarudi kila mara: «Bwana yangu yuko na kazi, patroni anatunza familia, mbona dawa nimenunua na feza yangu?» Juma hili tunalitazama kwa karibu, kwa sababu munganga anaweza kumpima mtoto bure, na ordonansi ikabaki mkononi mwa mama.

Sheria ya kazi ya inchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inasema katika kifungu cha 177 kwamba wakati wa ugonjwa, aksida, mimba au kuzaa, patroni anapaswa kumpa mfanyakazi na familia yake matunzo. Gharama za dawa zimetajwa humo wazi, pamoja na za kulazwa hospitali. Kwa hiyo si zawadi ya patroni mwema. Hata kama mkataba umesimamishwa kwa ajili ya ugonjwa au uzazi, matunzo yanaendelea. Yanakoma siku mkataba unapoisha.

Hapo ndipo tunaogopa. Mwenye tansio anakunywa vidonge kila siku, na vidonge havijui kama bwana amefukuzwa kazi. Ukisikia mkataba unakaribia kuisha, uliza mapema bei ya dawa za mwezi mmoja, na uulize kama kuna mituele ya afya mnayoweza kuingia. Mituele zina sheria yake tangu 2017. Usingoje CNSS: ile inashughulika na pansheni, posho za familia, na aksida au magonjwa yanayotokana na kazi. Malaria ya mtoto haimo.

Na familia ni nani? Mbele ya sheria ni mume au mke, pamoja na watoto. Mama mkwe anayeishi nanyi, shemeji anayesoma Kindu, hao patroni hana lazima nao, hata kama sisi wote tunawaita familia. Tena wengi wanasahau: mwanamke mwenye kazi naye anamtunzisha bwana yake. Lakini karatasi lazima ziwepo. Ndoa ya kimila iandikishwe kwenye etasivili, na mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Mtoto asiyekuwa kwenye orodha ya patroni hapewi bon.

Ukiisha kupata bon, uliza ni farmasi gani inaipokea. Kampuni nyingi zina mapatano na hospitali moja au farmasi moja tu. Mama anayekaa Alunguli, na farmasi ya bon iko Kasuku, atavuka mto akiwa na mtoto mwenye homa. Na usiku je? Ulizo hilo linaulizwa mchana, mtoto akiwa mzima.

Kuna siku farmasi itasema dawa imeisha. Mizigo ya Kindu inachelewa njiani, tunajua wote. Usiondoke hivi hivi: omba waandike kwenye ordonansi kwamba dawa haipo, watie tarehe na kashe. Ukiinunua kwingine, faktire iwe na jina la mgonjwa na jina la dawa. Kipande cha karatasi chenye bei tupu hakirudishi feza.

Jambo lingine ni majina. Doliprane na Efferalgan zote ni paracetamol. Patroni anaweza kukataa ile yenye jina la kiwanda na kukubali ya bei ndogo yenye dawa ileile ndani. Mwombe munganga aandike jina la dawa yenyewe, utaepuka kurudishwa. Ukiambiwa kuna kipimo cha feza kwa mwaka, omba uonyeshwe kimeandikwa wapi.

Bon ikikataliwa bila maelezo, mfanyakazi aanze na wajumbe wa sindika kazini. Wakishindwa, aende kwa enspekta wa kazi, ambaye kazi yake ni kupatanisha kabla ya shauri kufika tribinali. Mwenye kushitaki ni mfanyakazi mwenyewe, lakini karatasi ziko nyumbani kwetu: ordonansi, faktire, na ile bon iliyokataliwa. Ziwekwe mahali pamoja, mbali na maji ya mvua na mikono ya watoto.