Pedi ya gemu kwenye kompyuta: uzuri wake hauonekani kwenye boksi

Kitufe cha kibodi kinajua mambo mawili tu: kubonyezwa na kuachwa. Kijiti cha pedi kinajua pia kiasi, na hapo ndipo pedi inapojipatia nafasi mbele ya kompyuta. Gari linaloendeshwa kwa kibodi hukata kona usukani ukiwa umepindwa wote au haujapindwa kabisa. Kwa pedi, kidole gumba hupinda kidogo, kikaongeza, kikarudisha. Gemu za kulenga shabaha bado ni za kipanya. Kwenye mpira, mbio za magari na ngumi, kibodi haifui dafu kwa pedi.

Sio kila pedi inayoingia kwenye tundu la USB inaelewana na gemu, lakini. Tangu enzi za Xbox 360, iliyotoka 2005, gemu za Windows zimezoea mfumo wa Microsoft uitwao XInput. Mfumo huo umepanga kila kitu mapema: vijiti viwili, vifyatuo viwili vya nyuma, vitufe vya A, B, X na Y, na pedi zisizozidi 4 kwa kompyuta moja. DirectInput, uliokuwepo kabla yake, haukuwa na mpangilio huo; kila kiwanda kilivipa vitufe vyake namba kilivyotaka. Ndiyo maana pedi ya bei chee yenye umbo la PlayStation huwaka taa, ikatambuliwa na Windows vizuri kabisa, kisha ndani ya gemu ikawa bubu, au kitufe cha pasi kikasimamisha mechi. Wengi huitupa wakidhani imekufa, kumbe inazungumza lugha ya zamani. Baadhi ya pedi zina swichi ndogo mgongoni yenye alama za X na D, na tiba ni kuisogeza kwenye X.

Pedi za Xbox hazina tatizo hilo, kwa kuwa Windows ni ya nyumbani kwao. DualShock 4 na DualSense za Sony hupata mkalimani ndani ya Steam, programu ya kununulia na kuchezea gemu, ambayo huzitafsiri kwa gemu zisizozijua. Gemu iliyonunuliwa kwingine inaweza kuongezwa kwenye orodha ya Steam ili nayo itafsiriwe. Usumbufu unaobaki ni wa macho: gemu nyingine huandika A kwenye skrini wakati mkononi kuna alama ya msalaba.

Kinachoamua umri wa pedi ni kitu kisichoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi: sensa iliyo chini ya kijiti. Iliyozoeleka ni potentiomita. Ndani yake ulimi mdogo wa chuma husugua utepe wa kaboni kila kidole gumba kinaposogea, na kompyuta husoma ulimi umefika wapi. Utepe ukilika, au vumbi likiingia, usomaji hukosa utulivu. Mchezaji wa kwenye skrini huanza kutembea kushoto huku pedi imelala mezani. Bei kubwa si kinga: hata pedi za kawaida za Xbox na DualSense hutumia potentiomita. Gemu nyingi zina mpangilio wa kupuuza mwendo mdogo wa kijiti, nao huficha ugonjwa huo kwa muda, ila kijiti hupoteza wepesi wake.

Sensa ya Hall haina msuguano huo. Imepewa jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua mwaka 1879 jinsi sumaku inavyoathiri umeme unaopita kwenye metali. Sumaku ndogo hufungwa chini ya kijiti, sensa hupima nguvu yake, na hakuna kinachosugua kingine. Si teknolojia mpya: Sega iliitumia kwenye pedi ya Dreamcast mwaka 1998. Siku hizi kampuni kama GuliKit, 8BitDo na GameSir huuza pedi za aina hii, nyingine kwa bei chini ya pedi ya Sony. Springi inaweza kulegea na mpira wa juu ukachubuka, lakini ugonjwa wa kutembea wenyewe huwa adimu. Kwa mtu anayecheza kila siku, sensa hii ina thamani kuliko taa za rangi na vitufe vya ziada.

Waya bado ni chaguo zuri kwa anayekaa karibu na mashine: haungoji chaji na hauchelewi. Pedi isiyo na waya iliyokuja na kidude chake cha USB huukaribia waya kwa kasi. Bluetooth huwa nyuma kidogo, na kompyuta nyingi za mezani hazina kipokezi chake. Kwenye mitumba kuna mitego miwili. Pedi ya Xbox 360 isiyo na waya haiunganishwi kwa kebo, kwani kebo yake huchaji tu. Inahitaji kipokezi maalumu. Pedi za mwanzo za Xbox One, za 2013, hazina Bluetooth. Iliyo nayo, ya kuanzia 2016, hutambulika kwa plastiki inayozunguka kitufe cha nembo, ambayo ni kipande kimoja na uso wa pedi.

Kabla ya kulipa, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, dakika mbili kwenye kompyuta ya duka zinatosha. Kitufe cha Windows hubonyezwa pamoja na R, ikaandikwa joy.cpl, kisha hufunguliwa sifa za pedi. Alama ndogo ya jumlisha hutokea ndani ya kisanduku. Kijiti kikizungushwa polepole, alama hiyo inapaswa kufika kingo zote. Kikiachwa ghafla, irudi katikati na kutulia. Ikitetemeka au ikabaki pembeni, pedi irudishwe kwenye boksi. Vifyatuo viwili vya pedi ya Xbox vikibonyezwa pamoja, mstari wao hurudi katikati kana kwamba havijaguswa. Huo si ubovu: dirisha hilo la zamani husoma vyote viwili kwa mstari mmoja, kimoja kikivuta huku na kingine kule.